Bakteria wa Majini na Ng'ombe wa Singida: Utafiti wa Msingi si Anasa

Katika mikoa ya wafugaji kama Singida liko swali ambalo mwalimu wa sayansi hana budi kulijibu. Swali lenyewe ni hili: yafaa nini mwanafunzi kujifunza namna bakteria anavyogawanyika, ilhali ng'ombe wa nyumbani kwao anatupa mimba? Wapo wasemao kwamba nchi yenye fedha chache yapaswa kuyachunguza magonjwa yake peke yake, na kuwaachia matajiri mambo ya udadisi. Rai hiyo haina ubaya wa nia. Imetokana na uchungu wa watu wenye mahitaji mengi na mapato machache. Lakini ndani yake limo kosa moja kubwa, nalo ni kudhani kwamba njia ya kuufikia ugonjwa huanzia daima kwenye ugonjwa wenyewe. Habari za bakteria wawili, mmoja asiye na madhara yoyote na mwingine adui wa mifugo, zaonyesha vinginevyo.

Hasara ya mimba iliyotupwa

Mkoa wa Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua hizo zikipungua, shamba halina mwokozi, na mfugo ndio huwa akiba ya kaya. Kwa Mnyaturu ng'ombe si maziwa na nyama tu; samadi yake ndiyo inayorutubisha shamba la uwele na mtama. Kwa Mbarbaig ng'ombe ni msingi wa maisha yote. Kwa hiyo ng'ombe anapotupa mimba, familia hukosa ndama, hukosa maziwa ya miezi mingi, na huenda ikakosa hata mahari na ada ya shule.

Miongoni mwa visababishi vya kutupa mimba, mmoja mashuhuri ni bakteria aitwaye Brucella. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimgundua mwaka 1887 kisiwani Malta, katika wengu za askari waliokufa kwa homa. Huyo ndiye Bruce aliyefika Uganda mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale. Mwaka 1897 Bernhard Bang wa Denmaki alitangaza kumpata bakteria wa jamii hiyo katika ng'ombe waliotupa mimba, na mwaka 1905 Themistocles Zammit wa Malta akabaini kwamba mbuzi wanaoonekana wazima huweza kumbeba. Siri ya maziwa mabichi ikafichuka.

Binadamu huambukizwa kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, au kwa kumsaidia ng'ombe kuzaa na kuondoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Dalili zake ni homa ya kwenda na kurudi, jasho, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Dalili hizo hudanganya. Katika utafiti mmoja uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 na kuchapishwa mwaka 2013, walichunguzwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Wagonjwa 528 kati yao walidhaniwa kuwa na malaria; vipimo vilionyesha kwamba waliokuwa nayo kweli ni 14 tu. Wagonjwa 16 walikuwa na ugonjwa wa Brucella. Moshi si Singida, lakini mfugaji wa Iramba au Manyoni mwenye homa kama hiyo naye anaweza kupewa dawa ya malaria akarudi nyumbani na ugonjwa wake.

Hata ugonjwa ukijulikana, tiba yake ni ndefu. Mgonjwa hutumia dawa mbili kwa pamoja. Aghalabu humeza doksisaiklini kwa wiki 6, pamoja na rifampisini au sindano za streptomaisini. Akikatiza, homa huweza kurudi. Sababu yake ni kwamba Brucella huingia ndani ya seli za mwili, hata ndani ya zile zilizowekwa kumla, akajificha humo. Mtu akiuliza bakteria huyu hufanya nini siku ya kwanza ya maficho yake, sehemu ya jibu haikutokea zizini. Ilitokea majini.

Bakteria wa majini

Katika mito, madimbwi, maziwa, na hata katika maji ya bomba, huishi bakteria aitwaye Caulobacter crescentus. Haugui mtu kwa ajili yake, wala mnyama, wala mmea. Hupenda maji yenye chakula kidogo sana. Jambo lililowavuta wataalamu ni namna anavyozaliana. Bakteria wengi wafundishwao shuleni hukatika nusu kwa nusu, zikatoka seli mbili zisizotofautiana. Caulobacter huzaa watoto wawili wa tabia mbalimbali. Mmoja ana kikonyo chenye gundi nchani, naye hujishikiza juu ya jiwe au jani. Mwingine ana mjeledi, huogelea kutafuta makao mapya.

Tofauti yao si ya umbo tu. Yule mwenye kikonyo huanza mara moja kunakili DNA yake ili agawanyike tena. Yule mwenye mjeledi hawezi kunakili DNA wala kugawanyika, hata akiwa amezungukwa na chakula. Sharti kwanza auache mjeledi na kuotesha kikonyo mahali ulipokuwa. Hapo ndipo naye huingia katika mzunguko wa kuzaliana. Ndugu wawili wamerithi jeni zile zile, wamezaliwa katika tone moja la maji, lakini mmoja anazaa na mwingine anangoja. Ni nani anayemwamuru kungoja?

Jibu lilianza kupatikana mwaka 1996, katika maabara ya Lucy Shapiro kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Watafiti walitambua protini waliyoiita CtrA. Protini hii hukaa juu ya DNA mahali pale ambapo kunakili huanzia, ikaziba njia. Wakati ikiwapo, mlango umefungwa. Ikiondoka, mlango hufunguka. Lakini CtrA si mlinzi wa mlango tu. Baadaye katika mzunguko hurejea ikawasha jeni nyingine, zikiwamo za kutengeneza mjeledi na za kugawanya seli. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba protini hiyo moja huongoza moja kwa moja jeni zisizopungua 95, katika bakteria mwenye jeni takriban 3,800.

Basi mlinzi naye huongozwa na nani? Huongozwa kwa ishara, na ishara yenyewe ni kitu kidogo kabisa: kikundi cha fosfati, yaani atomu moja ya fosforasi na atomu chache za oksijeni. CtrA ikibeba fosfati ina nguvu, ikinyang'anywa, inalegea. Protini iitwayo CckA, iliyo katika utando wa seli, ndiyo inayoanzisha safari ya fosfati hiyo, ambayo hupokezwa kwa protini nyingine mpaka ifike kwa CtrA. Ajabu ni kwamba CckA yaweza kugeuka. Ikiamriwa vingine, huacha kutoa fosfati na badala yake huivuta itoke. Wakati huo huo kimeng'enya kiitwacho ClpXP huikatakata CtrA, nayo ikatoweka kabisa.

Amri ya kugeuka hutoka kwa protini ndogo iitwayo DivK. Ikiwa na fosfati, DivK huifanya CckA igeuke. Na hapa ndipo penye ufumbuzi wa swali la ndugu wawili. Katika seli inayokaribia kugawanyika, kwenye ncha ya kikonyo hukaa protini DivJ, ambayo kazi yake ni kuipa DivK fosfati. Kwenye ncha ya mjeledi hukaa protini PleC, ambayo kazi yake ni kuiondoa. Maadamu seli ni chumba kimoja, protini hizo mbili hushindana, moja ikitoa na nyingine ikitwaa. Ukuta unapokamilika katikati, kila mtoto hubaki na protini moja tu ya hizo mbili. Mwenye DivJ hupata DivK yenye fosfati, CtrA yake huvunjwa, na kunakili DNA huanza. Mwenye PleC hupata DivK isiyo na fosfati, CtrA yake husimama imara, naye hungoja.

Hivi ndivyo kiumbe asiye na ubongo wala mshipa wa fahamu anavyojua upande gani ni upande wake, na saa gani ni saa yake. Hakuna nguvu ya siri iliyoingizwa katika maelezo haya. Kuna mahali protini ilipo, kuna fosfati inayopokezwa, na kuna protini inayovunjwa kwa wakati wake.

Kutoka majini hadi zizini

Msomaji anaweza kuuliza hayo yote yanamhusu nini mfugaji. Yanamhusu kwa sababu ya undugu. Wataalamu walipolinganisha DNA za bakteria, waligundua kwamba Caulobacter wa majini na Brucella wa ng'ombe ni wa ukoo mmoja mkubwa. Brucella hana kikonyo, wala hajulikani kwa kuogelea. Hata hivyo mwaka 2002 ilitangazwa kwamba naye anayo CtrA, na watafiti wa Ubelgiji wakaendelea kumkuta na DivK pia, ikikaa kwenye ncha moja ya seli. Alionekana kuwa naye hugawanyika katika sehemu zisizo sawa.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Namur, Ubelgiji, walichapisha jambo ambalo halingeulizwa kama Caulobacter hangechunguzwa kwanza. Waliuliza hivi: kati ya Brucella wengi waliomo katika chombo kimoja, ni wa umri gani wanaoingia ndani ya seli za mnyama? Ilidhihirika kwamba wengi wa wanaoingia ni wachanga, wale waliozaliwa karibuni ambao bado hawajaanza kunakili DNA. Wakishaingia, hubaki katika hali hiyo ya kungoja kwa saa kadhaa, wakivuka hatua za hatari. Baadaye ndipo huanza tena kukua, kisha hufika sehemu ya ndani ya seli ambamo huongezeka kwa wingi. Kumbe kungoja si udhaifu wa bakteria huyu. Ni sehemu ya uvamizi wake.

Jambo hili ni zito. Dawa nyingi za kuua bakteria hufanya kazi vizuri zaidi kwa bakteria anayekua. Tena mtandao wa ishara wa CckA, DivK na CtrA haumo katika mwili wa ng'ombe wala wa binadamu. Kwa hiyo dawa itakayouharibu mtandao huo inaweza kumdhuru bakteria bila kulenga kitu cha mgonjwa. Ni kweli kwamba dawa hiyo haimo katika duka lolote. Mfugaji wa Singida hapaswi kuingoja. Maziwa na yachemshwe leo, kwa kuwa kuyagandisha peke yake hakutoshi. Mimba iliyotupwa na kondo la nyuma visishikwe kwa mikono mitupu, bali vifukiwe au vichomwe moto. Mitamba wachanjwe pale mtaalamu wa mifugo anapoelekeza. Hatua hizi zilitokana na elimu ya jana, nayo ilianza kwa mtu kutazama wengu katika hadubini. Elimu ya kesho nayo lazima ianze mahali fulani.

Shambani pia

Undugu huu hauishii zizini. Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mimea jamii ya kunde, ambao huutwaa naitrojeni wa hewani na kumlisha mmea, nao ni wa ukoo uo huo, na wengi wao wana CtrA. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba baadhi ya mimea hutengeneza protini ndogondogo zinazowaingia bakteria hao na kuwazuia wasigawanyike. Bakteria hunenepa, hunakili DNA yake mara nyingi bila kugawanyika, hawezi tena kuzaliana, naye hubaki kuwa mtumishi wa mmea. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba protini hizo huvuruga kazi zinazoongozwa na CtrA. Dengu na njegere zina mbinu hii. Maharage na kunde hazinayo. Mkulima anayepanda dengu baada ya mtama, ili ardhi yake ipate nafuu, ana shamba lililojaa ishara zile zile ambazo Caulobacter huzitumia majini. Elimu moja ikafungua milango mitatu: ya dimbwi, ya zizi na ya shamba.

Hoja ya gharama

Wapinzani wa utafiti wa msingi hushikilia zaidi gharama, nayo ndiyo hoja inayostahili kujibiwa kwa makini. Yafaa ijulikane kwamba Brucella ni mmoja wa bakteria wanaowaambukiza watu maabarani mara kwa mara, maana huweza kuvutwa kwa pumzi. Kumkuza kwahitaji maabara yenye ulinzi mkubwa, mitambo ya kuchuja hewa, na wafanyakazi waliofunzwa maalumu. Nchi kubwa yenye wafugaji wengi haiwezi kuwa na maabara za namna hiyo kila mkoa. Caulobacter hahitaji lolote kati ya hayo. Hukua katika maji yenye chakula kidogo, katika joto la kawaida la chumba, na akimwagika sakafuni hakuna anayeugua. Mzunguko wake huchukua kiasi cha saa 1 na nusu akilishwa vizuri, hata mwanafunzi wa chuo akaweza kufuatilia vizazi kadhaa kabla ya jua kutua.

Kwa hiyo hoja ya gharama, ikipimwa sawasawa, inaelemea upande wa pili. Ni nchi tajiri inayoweza kumudu kumkabili adui moja kwa moja kila mara. Nchi isiyo tajiri ndiyo hasa inayofaidika kwa kujifunza siri ya ukoo kutoka kwa ndugu mpole. Wala hakuna anayetaka kila mtafiti aache ng'ombe akimbilie madimbwi. Lazima wawepo wanaopima damu ya ng'ombe vijijini, wanaotafuta chanjo, na wanaoelimisha wafugaji. Lakini wawepo pia wachache wanaouliza maswali yasiyo na soko bado, na fungu la fedha zao lisiwe la kwanza kukatwa kila bajeti inapobana.

Wajibu wa shule

Mwanzo wa yote haya ni darasani. Imekuwa desturi kufundisha bakteria kama orodha: wa duara, wa fimbo, wa mzunguko, wenye faida, wenye madhara. Mwanafunzi huikariri, huiandika katika mtihani, kisha huisahau. Mgawanyiko wa seli nao hufundishwa kwa ncha ya mzizi wa kitunguu, na bakteria huachwa nje kana kwamba yeye hana utaratibu. Mwalimu anaweza kuurekebisha upungufu huo bila kungoja mtaala mpya. Swali la ndugu wawili, mmoja anayezaa na mwingine anayengoja, latosha kuamsha darasa zima.

Kwa shule yenye hadubini, kuna jaribio lisilohitaji fedha. Tangu miaka ya 1930 mtaalamu Arthur Henrici alizamisha vipande vya kioo katika maji ya ziwa, akaviacha siku kadhaa, akavitoa na kuona bakteria waliojishikiza juu yake; Caulobacter alikuwa miongoni mwao. Darasa la Singida laweza kufanya vivyo hivyo katika lambo la maji baridi, kisha katika Ziwa Singidani au Kindai lenye maji ya chumvi, na kulinganisha nani amejishikiza wapi na kwa wingi gani. Vioo vishikwe kwa uangalifu, mikono ioshwe kwa sabuni. Maziwa mabichi, damu au mabaki ya mnyama aliyetupa mimba visiletwe kamwe darasani.

Mwanafunzi akizoea kuuliza namna hiyo, hatauona tena mgawanyiko wa bakteria kuwa jambo la mbali na nyumbani kwao. Atafahamu kwa nini mama anaambiwa achemshe maziwa, kwa nini mgonjwa asiache dawa homa inapopoa, na kwa nini dengu hulipa deni la shamba. Na ikiwa miongoni mwa wanafunzi hao atatoka mmoja atakayetengeneza dawa ya kuuzima mtandao wa CtrA ndani ya Brucella, huenda kazi yake itakuwa imeanza kwa kipande cha kioo kilichozamishwa lamboni, na kwa mwalimu ambaye hakumwambia kwamba swali lake halina faida.